Ukiugua Bangkok, viza haikusubiri

Pratunam, mtaa wa nguo ulioko katikati ya Bangkok, huanza kazi kabla jua halijachomoza. Vijana wanasukuma mikokoteni yenye marobota, wanawake wanatundika magauni, na chini ya mnara wa Baiyoke wenye ghorofa 85 watu wanapishana ubavu kwa ubavu. Bei ya jumla mara nyingi huanzia vipande vitatu. Muuzaji na mteja wasiojua lugha ya mwenzake hupatana kwa kikokotoo: mmoja anaandika bei, mwingine anaifuta na kuandika yake.

Hatua chache kutoka hapo unapita mfereji wa Saen Saep, ambako boti za abiria hukimbia mchana kutwa zikirusha maji machafu kwenye kuta. Kwenye msimu wa mvua, kati ya Mei na Oktoba, maji hutuama kila mahali: kwenye ndoo, kwenye vyungu vya maua, kwenye makopo yaliyotupwa nyuma ya maduka. Mbu aina ya Aedes hapendi mfereji huo mchafu. Anapenda maji safi yaliyotuama karibu na watu, na huuma mchana, wakati ambao mgeni yuko sokoni amevaa kandambili na shati la mikono mifupi.

Si ajabu kusikia Kiswahili katika mitaa hii. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaifahamu Bangkok kwa nguo zake, na wauzaji wa vito wanaifahamu Chanthaburi, mji wa madini ulioko kusini mashariki mwa nchi. Wapo pia wazazi wanaokuja kuwaona watoto wao wanaosoma au kufanya kazi huko. Hao wa mwisho ndio hukaa muda mrefu, na ndio ambao ugonjwa ukiwapata siku za mwishoni, tarehe ya kwenye pasipoti huwa imeshakaribia.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye duka la nguo za watoto Dar es Salaam. Amekuja kwa viza ya kitalii kumtembelea binti yake mwanafunzi. Amebakiza siku tano za kukaa, begi la zawadi limeshafungwa. Jioni moja anasikia baridi, kichwa kinamgonga nyuma ya macho, viungo vinauma kama aliyepigwa. Asubuhi joto limepanda. Hospitali wanampima damu na kumwambia ni homa ya dengue.

Kuanzia hapo familia inakuwa na mambo mawili yanayokwenda kwa kasi tofauti. Ugonjwa una siku zake na viza ina siku zake. Kosa kubwa ni kuiacha viza iamue mambo ya ugonjwa.

Siku ambayo homa inashuka

Bangkok inaijua dengue kwa muda mrefu. Mlipuko mkubwa wa aina ya dengue inayovujisha damu uliikumba mwaka 1958, na waliougua zaidi walikuwa watoto. Hospitali ya Watoto ya jiji hilo ikawa moja ya vituo ambako madaktari walijifunza namna ya kuitibu. Mmoja wao, Dk Suchitra Nimmannitya, alipanga ngazi za ukali wa ugonjwa ambazo Shirika la Afya Duniani lilizichukua na kuzitumia. Chuo Kikuu cha Mahidol nacho kina hospitali maalumu ya magonjwa ya ukanda wa joto, karibu na Mnara wa Ushindi. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa dengue akiwa Bangkok yuko mahali ambapo madaktari wameuona ugonjwa huo mara nyingi.

Wanachokijua madaktari hao, na ambacho familia nyingi hazikijui, ni kwamba siku ya hatari si ile ambayo joto liko juu. Dengue hubadilika kati ya siku ya tatu na ya saba, pale homa inaposhuka. Mgonjwa anaketi, anaomba uji, kila mtu anashusha pumzi. Ni katika saa 24 hadi 48 zinazofuata ndipo, kwa baadhi ya wagonjwa, maji ya damu huanza kuvuja nje ya mishipa, shinikizo la damu likaanguka na damu ikatoka puani, kwenye fizi au tumboni. Hakuna dawa inayoua kirusi chenyewe. Kinachookoa maisha ni maji ya mishipa yanayopimwa kwa uangalifu na vipimo vya damu vya kila mara, ikiwamo kuhesabu chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda.

Sasa rudi kwa yule mama. Siku ya tano ya ugonjwa homa imeshuka, na ndiyo siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye pasipoti. Tiketi ya usiku ipo. Mama mwenyewe anataka kuondoka.

“Nipandishe ndege, mwanangu. Nitaugulia nyumbani. Hapa tutafungwa kwa ajili ya viza.”

“Mama, daktari amekataa.”

“Homa si imeshuka?”

Simu ya kaka mkubwa kutoka Dar inaongeza mafuta: kama homa imeshuka, wanasubiri nini? Safari ya ndege kutoka Bangkok hadi Nairobi ni saa tisa hivi, hewani hakuna maabara wala chupa za maji ya mishipa za kutosha, na nusu ya njia ni bahari. Mtu aliye kwenye zile saa 24 hadi 48 hapaswi kuwa humo. Hii ndiyo sababu suala la viza si la makaratasi peke yake. Familia inayoogopa faini inaweza kumtoa mgonjwa kitandani katika saa mbaya kuliko zote.

Jambo jingine linawahusu hasa wakazi wa Dar es Salaam. Kirusi cha dengue kina aina nne. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo tu, na akiambukizwa aina nyingine baadaye, uwezekano wa kuugua vibaya huongezeka. Jiji la Dar lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mtu aliyeugua wakati huo anapaswa kumwambia daktari wa Bangkok. Pia asijinunulie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa ajili ya maumivu, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli, kwa kipimo sahihi, ndiyo inayotumika.

Tarehe mbili, moja ndiyo ya kuogopwa

Mtanzania au Mkenya anayekwenda Thailand kutalii huomba viza kabla ya safari, siku hizi kwa njia ya mtandao. Pia huonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Viza ya kitalii ya kuingia mara moja humpa siku 60 za kukaa.

Hapa wengi hujichanganya. Viza ina tarehe yake ya mwisho ya kutumika, yaani siku ya mwisho ya kuingia nchini. Ofisa wa uwanja wa ndege naye hugonga muhuri wenye tarehe nyingine: siku ya mwisho ya kukaa. Inayohesabiwa ni hiyo ya muhuri. Mtu anaweza kusoma tarehe ya viza, akajiona bado ana wiki mbili, kumbe muhuri ulishakwisha.

Siku 60 hizo zinaweza kuongezwa 30 kwa ada ya baht 1,900. Aliyezidisha muda bila ruhusa hutozwa baht 500 kwa siku, ambazo ni kama dola 15 za Marekani, na faini hiyo haizidi baht 20,000, kiwango kinachofikiwa siku ya 40. Piga hesabu: siku nne za kuzidisha ni baht 2,000. Tayari umelipa zaidi ya ada ambayo ingekupa mwezi mzima halali.

Kwa mgonjwa kuna mlango mwingine. Sheria za uhamiaji za Thailand zinaruhusu kuongezewa muda kwa sababu ya matibabu, hadi siku 90 kwa mara moja. Masharti yake yanaanzia kwenye barua ya daktari wa hospitali, yenye maelezo ya ugonjwa na kauli kwamba hali ya mgonjwa inamzuia kusafiri. Barua inayosema tu “fulani alitibiwa hapa” haitoshi. Ndugu wa karibu anayemuuguza naye anaweza kuomba, na hili lisisahaulike, kwa maana mara nyingi muda wa muuguzaji huisha siku ile ile na wa mgonjwa.

Safari ya Chaeng Wattana

Ofisi ya uhamiaji inayohudumia Bangkok haiko mjini kati. Iko kaskazini, barabara ya Chaeng Wattana, ndani ya majengo makubwa ya serikali, jengo B, upande wa kuelekea uwanja wa zamani wa Don Mueang. Kutoka Pratunam ni safari ya kupanga asubuhi, maana foleni za Bangkok huanza mapema. Treni ya njia ya waridi, iliyoanza kubeba abiria mwishoni mwa mwaka 2023, sasa inapita barabara hiyo.

Ndani kuna ukumbi mrefu kama kituo cha mabasi. Unapewa namba, unakaa, unasubiri namba ipite juu ya dirisha. Kuna wanafunzi, wastaafu wa Ulaya, wanandoa wenye watoto mgongoni, na hapa na pale mtu mwenye plasta ya sindano mkononi. Saa ya chakula cha mchana kazi hupungua, na watu hushuka kula wali na supu kwenye migahawa ya humo humo. Maduka ya kutoa nakala na kupiga picha yapo jengoni, kwa hiyo aliyesahau nakala hapotezi siku.

Cha kubeba ni pasipoti, fomu inayoitwa TM.7, picha ya pasipoti, nakala za kurasa zenye picha na muhuri wa kuingilia, barua ya daktari, na ada ya baht 1,900 taslimu. Kuna karatasi nyingine ambayo hukwamisha wageni wanaokaa majumbani: TM.30. Mwenye nyumba anayemlaza mgeni anatakiwa kutoa taarifa uhamiaji ndani ya saa 24. Hoteli hufanya hivyo zenyewe. Binti aliyempokea mama yake kwenye chumba cha kupanga anapaswa kuhakikisha mwenye nyumba amefanya hivyo tangu siku ya kwanza, si siku ya kuomba muda.

Mgonjwa ambaye hawezi kuondoka kitandani asiburuzwe kwenye foleni. Muuguzaji aanze kwa kuuliza hospitalini. Hospitali kubwa za binafsi zinazopokea wageni wengi, kama zile za eneo la Sukhumvit karibu na mtaa wa Nana wenye mikahawa ya Kiarabu na Kihabeshi, huwa na dawati la wagonjwa wa kigeni na wakalimani, na baadhi husaidia masuala ya viza. Hospitali za umma zina bei nafuu zaidi lakini hapo ndugu hulazimika kujisukuma mwenyewe. Kwa vyovyote, barua iombwe siku ya kulazwa. Daktari anaweza kuandika siku ya pili. Hawezi kuandika Jumapili usiku.

Ofisi hufungwa mwisho wa wiki na siku za sikukuu. Songkran, mwaka mpya wa Kithai, huangukia tarehe 13 hadi 15 Aprili, na ikiungana na Jumamosi na Jumapili ofisi hukaa kimya siku kadhaa. Muhuri unaoisha Jumapili ushughulikiwe Ijumaa au kabla.

Kama tarehe imeshapita

Hutokea. Mgonjwa alipoteza fahamu, au muuguzaji alikuwa peke yake na hakukumbuka pasipoti. Siku kumi zimepita. Kinachofuata kinategemea nani anakwenda kwa nani.

Mtu anayejipeleka mwenyewe, akiwa na tiketi ya kuondoka, hulipa faini kwenye dawati la uhamiaji uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, upande wa kuondokea. Siku kumi ni baht 5,000. Siku 23 ni baht 11,500. Abebe baht taslimu, afike mapema kuliko abiria wengine, na achukue stakabadhi. Barua ya daktari aibebe pia, lakini asiihesabu kama msamaha: kazi yake kubwa ni kuombea muda kabla, si kufuta faini baadaye. Mtoto chini ya miaka 15 hatozwi faini hiyo, ingawa mzazi aliye naye anatozwa.

Tangu Machi 2016 kuna pia adhabu ya kuzuiwa kurudi. Aliyejipeleka mwenyewe baada ya kuzidisha zaidi ya siku 90 hufungiwa mwaka mmoja. Zaidi ya mwaka, hufungiwa miaka mitatu. Zaidi ya miaka mitatu, mitano. Zaidi ya miaka mitano, kumi. Kwa hiyo aliyezidisha siku kumi au ishirini kwa ugonjwa na akajitokeza, amepoteza fedha lakini hajapoteza njia ya kurudi kumwona mwanawe akihitimu.

Hesabu hubadilika kabisa akikamatwa. Aliyekutwa na polisi barabarani, hata kama amezidisha chini ya mwaka mmoja, hufungiwa miaka mitano. Zaidi ya mwaka, miaka kumi. Sheria ya Uhamiaji ya Thailand ya mwaka 1979 inaruhusu pia kifungo cha hadi miaka miwili, na wanaosubiri kurudishwa kwao huwekwa kizuizini, kikiwamo kituo cha Suan Phlu jijini Bangkok. Mtu aliyetoka tu kuugua hapaswi kufika huko kwa sababu ya aibu au woga wa baht 500.

Ndiyo maana kujificha ni ushauri mbaya, hata ukitolewa na mtu mwenye nia njema. Mbaya zaidi ni ushauri wa vishoka, wale wanaojitolea “kukupeleka pasipoti ikagongwe” bila wewe kwenda popote. Muhuri wa bandia hugundulika dirishani, na kosa dogo la siku chache hugeuka kuwa jinai.

Walio nyumbani wafanye nini

Bangkok iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa nne. Ofisi za huko zinafunguliwa saa 2:30 asubuhi, wakati huku ni saa 10:30 alfajiri, na zinafungwa huku ikiwa saa 6:30 mchana. Ndugu anayesubiri kutoka kazini ndipo apige simu, anapiga wakati kila dirisha limefungwa. Yule kaka mkubwa akitaka kusaidia, aamke alfajiri.

Na akipiga, swali la kwanza lisiwe “mnarudi lini?” Aulize: “Dada, daktari amesema leo ni siku ya ngapi ya ugonjwa? Muhuri unaisha lini? Barua imeshaandikwa?” Maswali hayo matatu yanampa binti aliye peke yake wodini mpangilio wa kazi. Swali la kurudi linampa presha tu.

Fedha nazo zigawanywe kwa mpangilio. Matibabu ndiyo mzigo mkubwa, na bima ya safari iliyokatwa kabla ya kuondoka ndiyo inayoupunguza. Faini na ada za viza ni ndogo ukilinganisha na bili ya kitanda, hivyo zisifanywe sababu ya kumtoa mgonjwa. Shirika la ndege lijulishwe mapema ili tiketi isogezwe, na kabla ya kuruka daktari athibitishe kwa maandishi kuwa mgonjwa anaweza kusafiri. Mashirika mengi huhitaji hivyo kwa mtu aliyetoka kulazwa.

Kenya ina ubalozi Bangkok. Watanzania huhudumiwa na ubalozi wao ulioko Kuala Lumpur, Malaysia. Ubalozi haulipi faini wala hospitali, na hauna mamlaka ya kuongeza viza ya nchi ya watu. Lakini unaweza kuandika barua, kushughulikia pasipoti iliyopotea au kuisha muda, na kuwaeleza familia nini kinaendelea ndugu yao anapozuiliwa. Wapigiwe simu mambo yakiwa bado madogo.

Kwa yule mama wa mfano, njia salama ilikuwa hivi: barua ya daktari siku ya pili ya kulazwa, binti Chaeng Wattana siku ya tatu na ya nne, tiketi kusogezwa mbele siku kumi, na zile saa za hatari kupita akiwa kitandani, chupa ya maji ikidondoka taratibu. Gharama yake kwa upande wa uhamiaji ni baht 1,900, na nyingine 1,900 kama binti naye anahitaji kuongeza.

Kama una mzazi, mtoto au ndugu aliye Thailand leo, au anayejiandaa kwenda, mwombe jambo moja dogo: akishagongewa muhuri, apige picha ukurasa huo wa pasipoti na kuutuma kwenye simu ya mtu mmoja wa nyumbani. Mtu huyo aiandike tarehe, ahesabu wiki moja kurudi nyuma, na aweke alamu siku hiyo.